Pori la Tabora: Athari ya Binadamu Tuipime kwa Kipimo Gani?

Anayefuatilia habari za mazingira nchini hukutana na takwimu zinazogongana. Leo anasikia Tanzania inapoteza hekta 372,816 za misitu kila mwaka. Kesho mwingine anasimama na kusema ni hekta 469,420. Keshokutwa anaambiwa wanyamapori duniani wamepungua kwa asilimia 73, spishi milioni moja ziko hatarini kutoweka, na Tabora iko njiani kuwa jangwa. Wakati huohuo historia ya Unyamwezi inaonyesha kwamba sehemu kadhaa tunazoziita mapori ya asili zilikuwa vijiji na mashamba miaka mia na ushee iliyopita. Mkazi wa Ziba, kata ya wilaya ya Igunga iliyo kaskazini mashariki mwa mkoa, akiuliza swali la kawaida kabisa, kwamba binadamu ameiharibu nchi hii kwa kiasi gani, anapewa majibu matatu au manne yasiyoelewana.

Kuchanganyikiwa huku kuna gharama. Sera za misitu, amri za kuondoa mifugo, mikataba ya tumbaku na ramani za matumizi ya ardhi zote zinaegemea jibu fulani la swali hilo, hata pale ambapo halikutamkwa.

Takwimu zinasema nini hasa

Tuanze na hekta. Idadi ya 372,816 ilitokana na tathmini ya kitaifa ya rasilimali za misitu, maarufu kama NAFORMA, ambayo taarifa yake ilitolewa mwaka 2015. Inahusu kipindi cha 1995 hadi 2010. Ile ya 469,420 imo katika kiwango rejea ambacho Tanzania iliwasilisha Umoja wa Mataifa kwa ajili ya mabadiliko ya tabianchi, nayo inahusu 2002 hadi 2013. Vipindi ni viwili na mbinu za kupima ni mbili, kwa hiyo moja haibatilishi nyingine. Kosa ni la wanaozinukuu kana kwamba zote ni za mwaka huu.

NAFORMA ilikuta Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, sawa na asilimia 55 ya ardhi yake, na sehemu kubwa mno ya misitu hiyo ni miombo. Kwa hesabu hiyo upotevu ni kati ya asilimia 0.8 na asilimia 1 kwa mwaka. Ni idadi inayoonekana ndogo, lakini Mkoa wa Tabora una kilomita za mraba 76,151, yaani hekta milioni 7.6. Kwa kasi ya hekta 469,420, nchi inapoteza msitu wenye ukubwa wa Tabora nzima kila baada ya miaka kumi na sita.

Hata hivyo hekta hazielezi kila kitu. Msitu uliokatwa mninga na mkurungu wote wenye unene wa mbao unaendelea kuhesabiwa msitu, kwa sababu satelaiti inaona majani ya miti iliyobaki, kama mtundu, na kuridhika. Upande wa pili, shamba lililoachwa likaota upya haliingizwi kirahisi kwenye mizania ileile. Ndiyo maana takwimu nyingine ya NAFORMA, inayonukuliwa mara chache, ina uzito zaidi: misitu inayoruhusiwa kuvunwa ilikadiriwa kuweza kutoa mita za ujazo milioni 42.8 kwa mwaka bila kudhoofika, ilhali mahitaji yalikuwa milioni 62.3. Pengo la milioni 19.5 linatoka kwenye mtaji wenyewe.

Asilimia 73 nayo inasomwa vibaya. Ripoti ya WWF ya mwaka 2024 haikusema wanyama 73 kati ya kila 100 wametoweka. Ilitoa wastani wa mabadiliko katika makundi ya wanyama yaliyofuatiliwa kati ya 1970 na 2020. Kwa mfano rahisi, kundi la tembo kumi likibaki na mmoja, na kundi la nyumbu elfu moja likabaki elfu moja, wastani wa kupungua ni asilimia 45, ingawa waliopotea ni wanyama tisa kati ya 1,010. Kipimo hicho ni king'ora kizuri kwa makundi madogo yanayoangamia, na kinapotosha mtu akikigeuza kuwa idadi ya wanyama wote.

Pori lililotengenezwa na watu

Misafara ilipokuwa inapanda kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo na nyika ya Mgunda Mkali, Unyanyembe ilikuwa kituo kikuu cha bara. Burton na Speke walifika Kazeh, Tabora ya leo, mwaka 1857. Maelfu ya wapagazi wa Kinyamwezi walipita hapo kila kiangazi, na wote walikula. Wakulima walipanua mashamba ili kuwauzia chakula, mpunga ulistawishwa, miembe ilipandwa. Misitu ilifyekwa kwa sababu ya soko, muda mrefu kabla ya bendera ya Mjerumani.

Athari kubwa zaidi ilimwangukia tembo. Pembe za Unyamwezi zilipitia Unguja hadi viwanda vya funguo za piano na mipira ya biliadi, vikiwamo vya Ivoryton katika jimbo la Connecticut, Marekani. Tembo walipopungua karibu na Tabora, wawindaji na wafanyabiashara walisogea magharibi. Safari za Tippu Tip kuelekea Urua na Manyema haziwezi kuelezwa bila upungufu huo. Mahitaji ya sebule za ng'ambo yalisukuma mpaka wa tembo mamia ya kilomita ndani ya bara, wakati hapakuwa na reli wala lori.

Kisha mambo yakageuka. Kuanzia mwaka 1890 sotoka iliua ng'ombe wa Afrika Mashariki kwa kiwango ambacho hakijawahi kuonekana, na maeneo mengi yalipoteza zaidi ya tisa kati ya kila kumi. Ndui ilifuata. Funza, aliyeingia Angola kutoka ng'ambo ya Atlantiki miaka ya 1870, alivuka bara kwa miguu ya wapagazi wenyewe. Vita vya Wajerumani dhidi ya Mtemi Isike wa Unyanyembe vilikwisha Januari 1893 kwa kifo chake. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, baada ya miaka ya watu kuchukuliwa kuwa wapagazi wa vita. Watu na ng'ombe walipopungua, vichaka vilirudi, na vilirudi na mbung'o.

John Ford katika kitabu chake cha 1971, na Helge Kjekshus mwaka 1977, walijenga hoja kuu juu ya mfuatano huo. Walisema jamii za kabla ya ukoloni zilimdhibiti mbung'o kwa kulima, kuchunga na kuchoma moto, na kwamba pori lililowapokea maofisa wa kikoloni lilikuwa kovu la maafa. Malale yalipozuka Maswa mwaka 1922, serikali ya Tanganyika ilianza kuwakusanya watu kwenye makazi makubwa, na utaratibu huo ulienea hadi Jimbo la Magharibi. Ardhi waliyoiacha ikawa pori zaidi. Wakati huohuo idara ya utafiti wa mbung'o yenye makao yake Shinyanga, chini ya C.F.M. Swynnerton, ilisimamia ukataji wa vichaka kwa nguvu za wananchi ili kumnyima mbung'o kivuli. Serikali moja, katika miaka ileile, ilikuwa ikizalisha pori huku na kulifuta kule. Anayetaka kujua kwa nini Igunga na Nzega zina mbuga wazi za ng'ombe na pamba, na kusini mwa mkoa kuna mapori makubwa, aanzie hapo kabla ya kutaja aina ya udongo.

Wanaosema hali haijawahi kuwa mbaya hivi

Kundi la kwanza la wachambuzi linashika takwimu za sasa, na nguvu yake ni kubwa. Tathmini ya IPBES, jopo la kimataifa la bioanuwai, ya mwaka 2019 ilisema asilimia 75 ya uso wa nchi kavu imebadilishwa kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2018 Yinon Bar-On na wenzake walikadiria kwamba ukiwapima wanyama wote wanaonyonyesha duniani kwa uzito, asilimia 60 ni mifugo, asilimia 36 ni binadamu, na wanyamapori ni asilimia 4 tu. Takwimu hiyo inahusu nyangumi na ngamia wa mbali, lakini inasomeka vizuri Igunga, ambako ng'ombe ndio wanyama wakubwa ambao mtu anakutana nao. Tanzania ilihesabiwa kuwa na ng'ombe zaidi ya milioni 33 katika sensa ya kilimo ya 2019/20. Tembo, waliokuwa kama 109,000 mwaka 2009, walikutwa 43,000 mwaka 2014. Biashara ya pembe ya karne ya 19 ilichukua miongo kusogeza mpaka wake. Ujangili wa juzi ulifanya kazi hiyo kwa miaka mitano.

Na watu wameongezeka. Mkoa wa Tabora ulikuwa na watu 2,291,623 mwaka 2012 na 3,391,679 mwaka 2022, ongezeko la asilimia 48 ndani ya miaka kumi.

Udhaifu wa hoja hii uko kwenye mahali inapoanzia. Inadhani kulikuwa na nchi safi ambayo haikuguswa, kisha inapima kila kitu kama upungufu kutoka hapo. Kwa Tabora hakuna mwaka wa namna hiyo. Ukianza kuhesabu mwaka 1920, unaanza na pori lililovimba kwa sababu watu walikufa. Ukianza 1870, unakuta misafara na mashamba. Sera iliyojengwa juu ya msingi huo humwona mrina asali wa Ugalla kuwa mvamizi wa ardhi ambayo haikuwahi kuwa na watu. Ugalla ilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, na ufugaji nyuki wa jadi, ambao unahitaji miti hai isimame, ukajikuta upande mmoja na ujangili.

Wanaosema binadamu ni sehemu ya pori

Kundi la pili linajibu kwa historia. Mwaka 2021 Erle Ellis na wenzake walionyesha kwamba karibu robo tatu ya nchi kavu ilikuwa tayari inakaliwa na watu miaka 12,000 iliyopita, na kwamba mandhari nyingi zenye utajiri wa viumbe zimeishi na binadamu muda wote huo. Miombo ni ushahidi mzuri. Kule Ndola, Zambia, vitalu vya majaribio vilivyoanzishwa mwaka 1933 vilionyesha tofauti ambayo mchungaji yeyote angeitambua. Palipochomwa mwishoni mwa kiangazi kila mwaka palibaki nyasi. Palipochomwa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, miti iliendelea kuishi. Palipokingwa moto kabisa palifunga kuwa kichaka kizito. Kwa hiyo hata uwazi wa miombo unategemea nani anawasha moto, na mwezi gani.

Hoja hii inamrudishia mwenyeji heshima yake kama mtu aliyeitunza nchi kwa maarifa, na hilo ni jambo la haki. Lakini wanahistoria wenyewe hawakuiacha ipite bila kuhojiwa. Juhani Koponen aliwakosoa wanaochora jamii za kabla ya ukoloni kana kwamba ziliishi kwa utulivu na shibe, akikumbusha njaa, vita na utumwa vya wakati huo. Tatizo la pili ni la kisiasa: ukisema binadamu amebadilisha nchi siku zote, anayetaka kufyeka leo anapata kisingizio. Jembe la mkono lililolima eka mbili na kuhama baada ya misimu michache, na trekta linalong'oa kila mzizi, vinawekwa kapu moja. Hapo ndipo kundi hili linapoteleza vibaya, kwa sababu linaongelea muda bila kuongelea kasi.

Nani anakata, na kwa ajili ya nani

Sehemu kubwa ya mabishano ya umma imekwama kwenye kumtafuta mkosaji: mfugaji, mchoma mkaa, mkulima, au kampuni. Mwenendo wa bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, unaeleza zaidi kuliko lawama hizo.

Tumbaku ya mvuke iliingia Urambo mwaka 1951, kwenye mabaki ya mradi wa karanga wa Waingereza ulioanguka, na Tabora imebaki kitovu chake. Majani mabichi hufungwa kwenye fito na kupangwa ndani ya bani. Moto huwashwa kwenye tanuru la nje, na joto hupita kwenye mabomba chini ya fito. Kwanza huwa la chini, majani yageuke manjano. Kisha hupandishwa rangi ikae, na mwisho hufikia nyuzi kama 70 za Selsiasi ili mshipa wa kati wa jani ukauke. Kazi huchukua karibu wiki, usiku na mchana, na mtu hulala kando ya tanuru. Joto likishuka wakati usiofaa, rangi inaharibika, daraja linashuka, na bei inashuka nalo. Kwa hiyo mkulima anayedaiwa mbolea huongeza gogo kuliko kuhatarisha msimu mzima. Kuni zile za ziada ni bima yake. Ukimwambia apunguze kuni bila kugusa namna majani yanavyopangiwa madaraja na namna mkopo unavyolipwa, unamtaka aibebe hatari peke yake.

Tena kuna minyoo fundo, wanaoongezeka kwenye shamba la tumbaku linalorudiwa, na mkulima hulazimika kufungua miombo mipya hata kama familia yake haijaongezeka. Idadi ya watu ni kweli inasukuma, lakini kati ya mtu na mti kuna mkataba, deni, bei na mnunuzi aliye mbali. Ndivyo ilivyokuwa kwa pembe. Mkaa unafuata mantiki hiyohiyo: mti unaanguka kijijini, faida kubwa inapatikana barabarani na mjini. Mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034, umeshika sehemu sahihi ya mnyororo kwa sababu unaanzia jikoni kwa mnunuzi.

Miradi mikubwa inayoonekana nayo tuiweke mahali pake. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, lenye kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, linapita Nzega na Igunga. Mkuza wake una upana wa takriban mita 30, hivyo ardhi unayoikata kwa urefu wote ni kama hekta 4,300, chini ya asilimia moja ya misitu ambayo nchi hupoteza kwa mwaka mmoja kwa kiwango cha 469,420. Wapinzani wake wana hoja nzito kuhusu moshi wa mafuta yatakayochomwa kwingine na kuhusu fidia za waliohamishwa. Hoja ya kufyekwa kwa ardhi ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayopigwa picha mara nyingi zaidi.

Shinyanga ilionyesha nini

Jirani wa Igunga upande wa kaskazini ametupa jaribio ambalo nchi chache zinalo. Baada ya miongo ya kukata vichaka vya mbung'o, kulima pamba, kuongeza ng'ombe na kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, Shinyanga ilikuwa imekaribia kubaki tupu. Mwaka 1986 ilianza Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, iliyofufua ngitili, utaratibu wa Wasukuma wa kufunga eneo la malisho msimu wa mvua ili lisaidie ng'ombe kiangazi, unaojulikana pia Nzega na Igunga. Ngitili zilizotambuliwa mwaka ule zilikuwa kama hekta 600. Mradi ulipofungwa mwaka 2004 zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Miti mingi haikupandwa. Iliota kutoka mizizi iliyokuwa bado hai ardhini.

Huo ni ushindi, na anayesema uharibifu wa Afrika haurudishiki anapaswa kuueleza. Lakini ushindi huo una pande ambazo sherehe huziacha. Mwenye ng'ombe wengi ndiye mwenye ngitili kubwa, na asiye na ng'ombe hupata kuni na majani kwa hisani. Kadhalika, mifugo ya Usukuma ilikuwa ikihamia kusini miaka hiyohiyo. Ilipofika bonde la Usangu, serikali iliiondoa kwa nguvu mwaka 2006 na 2007, katika mjadala mkali kuhusu Ruaha Mkuu, mto ulioanza kukauka kiangazi tangu 1993 na ambao kilimo cha mpunga cha umwagiliaji kilikuwa na mkono mkubwa katika kukauka kwake. Mizania ya mkoa mmoja inaweza kupendeza kwa sababu mzigo umehamia kwa jirani.

Kipimo kinachofaa

Nikizipima hoja hizi, naona kundi la pili limeshinda kuhusu zamani na kundi la kwanza limeshinda kuhusu kasi. Kipimo cha kutuongoza kisiwe umbali kutoka kwenye pori safi la kufikirika, bali uwezo wa nchi kurudi ikipumzishwa. Uwezo huo kwenye miombo una makao yanayoonekana kwa macho: kisiki.

Mtundu uliokatwa kwa shoka usawa wa goti huchipua mvua za kwanza, machipukizi kadhaa kwa pamoja, kwa sababu mizizi iliyo chini ni ya miaka mingi. Yakiachwa mawili au matatu na mengine yakapunguzwa, baada ya miaka 20 hadi 30 uzito wa miti hurudi karibu na wa awali, ingawa mninga huhitaji miongo mingi zaidi kufikia unene wa mbao. Misafara, jembe la mkono, hata shoka la mchoma mkaa, viliacha visiki. Plau haivitaki, kwa kuwa huvunjikia hapo, na trekta ndiyo kabisa. Kisiki kikichimbwa na kuchomwa, pori la mahali hapo limepoteza kumbukumbu yake, na mche wa mkaratusi hauirudishi.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya athari ya enzi ya njia ya misafara na athari ya miaka 50 iliyopita. Ya kwanza ilikuwa kubwa, na kwa tembo ilikuwa ya kutisha, lakini ardhi yenyewe ilibaki na mizizi. Ya pili inaondoa mizizi, tena kwa eneo pana, na ramani za satelaiti haziwezi kuonyesha kama shamba jeupe lina visiki chini yake au halina.

Kwa Ziba na vijiji vinavyofanana nayo, jambo hili lina matokeo ya mara moja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yake, na mpango wa matumizi ya ardhi unaweza kutenga maeneo ambako kukata kunaruhusiwa na kung'oa kumepigwa marufuku. Kampuni za tumbaku, ambazo huripoti idadi ya miche iliyogawiwa, ziulizwe pia ni hekta ngapi za wakulima wao zilifunguliwa msimu huu na visiki vikaachwa, na mkopo wa mkulima ujumuishe bani linalokula kuni kidogo. NAFORMA ijayo ihesabu visiki hai kwenye mashamba na si miti iliyosimama peke yake. Bila hesabu hiyo tutaendelea kubishana kuhusu 372,816 na 469,420, na hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kumwambia mwenyekiti wa kijiji ni shamba lipi bado linaweza kurudi kuwa msitu.